Suti Ipi Hiyo Tunayoamriwa Kuvaa?

Mnamo mwezi wa Novemba mwaka 2023, Spika wa Bunge la Taifa, Bwana Moses Wetang'ula, aliwatangazia waheshimiwa wabunge kwamba suti ya Kaunda haina ruhusa ya kuingia ukumbini. Vazi la mwanamume, alieleza, ni koti, shati la mikono mirefu lenye ukosi, tai, suruali ndefu, soksi na viatu. Ama sare ya kazi kwa mwenye kuwa nayo. Siku zile Rais William Ruto mwenyewe alikuwa akionekana mara kwa mara ndani ya suti hizo hizo za Kaunda, na vijana wengi walikuwa wamemfuata. Basi pakawa na kicheko upande mmoja na manung'uniko upande wa pili, magazeti yakaandika, kisha watu wakarudi kwenye shughuli zao.

Mimi, ndugu msomaji, sikurudi. Jambo lile limenikaa moyoni kwa sababu mbili, na leo nataka kuzitua.

Sababu ya kwanza ni kisa changu. Si zamani sana nilikwenda katika ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, kufuatia karatasi ya shamba la marehemu mzee wangu. Nilivaa kama nivaavyo niendapo mahali pa heshima: kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, koti jeusi juu yake, kofia ya viua na makubadhi. Askari wa mlangoni akaniangalia kutoka juu hata chini, akaniambia, "Mzee, huku ni kwa watu wa nguo rasmi." Nikiwa bado nimesimama, akaja kijana mmoja kwa haraka. Mabega ya koti lake yalikuwa yamemwanguka kama hema lililokatika kamba, mikono imemfunika vidole, na tai imekaa upande. Akafunguliwa mlango. Kijana simlaumu, na askari pia simlaumu sana. Yeye aliambiwa suti, naye akaona suti.

Sababu ya pili ndiyo hiyo hiyo ikitazamwa vizuri: katika kelele zote za mwaka ule, sikumsikia aliyekataza wala aliyekatazwa akitueleza suti ni nini. Watu walizungumza kana kwamba suti ni kitu kimoja, kama vile jiwe ni jiwe. Sisi tuliokulia pwani tunajua kutofautisha kanzu ya Kiomani yenye shada shingoni na kanzu ya kazu. Tunajua kofia iliyoshonwa kwa mkono na ile ya mashine hata kabla hatujaishika. Iweje basi vazi ambalo watoto wetu wanakopa ili walivae tulikubali kwa jina tu, bila kuujua mkato wake?

VAZI LA MAPUMZIKO LILILOGEUKA SHERIA

Neno lenyewe la suti asili yake ni kufuatana: koti na suruali za kitambaa kimoja, kimoja kikifuata kingine. Kwa maana hiyo hata suti ya Kaunda ni suti kamili, maana koti na suruali yake hukatwa katika jora moja. Lililokosekana pale ni tai na mtindo wa ukosi tu.

Na hii suti ya tai ambayo leo ni amri haikuzaliwa ikiwa vazi rasmi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Mwingereza mwenye cheo alipokwenda bungeni au ofisini alivaa koti refu lililofika magotini na kofia ndefu. Koti fupi la suti lilikuwa nguo ya kupumzikia, ya shamba na ya safari. Mwaka 1892 mbunge wa wafanyakazi, Keir Hardie, aliingia Bunge la Uingereza kwa mara ya kwanza akiwa na suti ya sufu nzito ya kawaida na kofia ya kitambaa, na wakubwa wakaona ni utovu wa adabu. Miaka ikapita, makoti marefu yakaenda makumbusho, na nguo ya aibu ya Hardie ikawa ndiyo adabu yenyewe.

Hata leo wenye vazi hilo hawajaafikiana. Mwaka 2017 Spika John Bercow aliwaambia wabunge wa Uingereza kwamba tai si lazima. Mwaka 2021 mrithi wake, Lindsay Hoyle, akatoa mwongozo wa kutaka koti livaliwe na kuhimiza tai. Mwaka huo huo wa 2021, huko New Zealand, mbunge wa Kimaori, Rawiri Waititi, alitolewa ukumbini kwa kukataa tai na kuvaa pambo la watu wake shingoni. Siku iliyofuata sheria ile ya tai ikaondolewa. Kwa hiyo anayesema kwamba tai ni nguzo ya bunge isiyotikisika, na atazame kwa hao waliotuletea tai.

Tena tusidhani kwamba vazi hili ni la Mzungu peke yake, sisi wa Mashariki hatuna kitu ndani yake. Mwaka 1666 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza aliwatokea watu wake na vazi jipya la ndani ya koti, na John Evelyn, aliyeliona, akaandika katika kumbukumbu zake kwamba ni mtindo wa Kiajemi. Vazi hilo ndilo mzee wa kizibao cha suti. Kile kitambaa king'aacho cha nywele za mbuzi ambacho Waingereza hukiita mohair, jina lake limetoka katika Kiarabu, mukhayyar, yaani kilichochaguliwa, na mwenye kusikia atatambua ni ndugu wa neno letu hiari. Pamba yao ni qutn ya Waarabu. Na kile kitambaa chepesi chenye mistari ya kukunjamana wakiitacho seersucker ni shir o shakar ya Waajemi: maziwa na sukari. Mgeni huyu basi, ukimpekua mifuko, utakuta ana vitu vya nyumbani.

SOMO LA FUNDI

Mpwa wangu alinunua suti ya dukani, ya rangi ya buluu, kwa pesa za kukopa, kwa ajili ya mahojiano ya kazi. Ilikuwa ya mtindo wa kubana unaopendwa na vijana: koti fupi linaloishia juu ya makalio, suruali iliyokazwa mapajani na kukomea chini ya kiuno. Alikuja kunionyesha, nami nikanyamaza nisimvunje moyo. Adhuhuri ikaadhiniwa tukaenda msikitini. Katika rakaa ya pili, tulipokwenda kusujudu, nilisikia nyuma yangu sauti ya kitambaa kikikata tamaa. Alimaliza sala akiwa ameketi, na tulirudi nyumbani yeye mbele, mimi nyuma yake nimemfunika kwa kivuli cha kanzu yangu.

"Mjomba," akaniambia, "nitafanyaje, na mahojiano ni Jumatatu?"

Nikampeleka kwa fundi wangu wa Mji wa Kale, mtu ambaye ameketi kwenye cherehani kuliko nilivyoketi mimi kwenye meza ya kuandikia. Fundi akaigeuza ile suti ndani nje, akaibinya kifuani kwa vidole viwili, akatikisa kichwa. "Mwanangu," akamwambia, "hii haikushonwa. Imegandishwa."

Hapo ndipo somo likaanza, nami naliandika kama nilivyolielewa.

Kifua cha koti la suti kina tabaka la ndani lisiloonekana. Katika suti iliyoshonwa kweli, tabaka hilo ni kitambaa kigumu chenye nywele za farasi, nalo hushikizwa kwa mishono mingi midogo ya mkono, likawa huru kujipinda na kufuata kifua cha mwenyewe. Katika suti za bei nafuu tabaka hilo hubandikwa kwa gundi na joto. Gundi si haramu, na wapo wanaoibandika vizuri, lakini joto na unyevu na kuoshwa mara kwa mara huiachanisha, na hapo kifua cha koti hutoka malengelenge. Sisi wa pwani, wenye kuishi ndani ya joto na unyevu, tuna haki ya kulijua hilo kabla ya kutoa pesa.

Baada ya kifua ni bega. Fundi alisema bega ndilo koti. Mengine yote ni majirani. Kiuno hupunguzwa, mikono hufupishwa, upindo hushushwa, lakini bega likikosewa, kulirekebisha ni kama kulishona koti upya. Nikamwambia kwamba kwetu washairi ni vivyo hivyo: kina kibaya utakitafutia kingine, lakini mizani ikivunjika, ubeti mzima umeanguka, na hata asiyejua kusoma husikia.

Na ni katika bega hilo ambamo mataifa yametofautiana. Mkato wa Kiingereza, ule wa mtaa wa Savile Row huko London, hupenda bega lililotiwa pedi kidogo, kifua kilichojaa, kiuno kilichoingia ndani, na nyuma mipasuo miwili ya pembeni. Mipasuo ile ni kumbukumbu ya farasi, ili koti lianguke vizuri mtu akiketi juu ya tandiko. Vazi hilo linamsimamisha mtu kama askari, na kwa hakika mafundi wake wengi wa zamani walishona sare za maofisa.

Mkato wa Kimarekani wa zamani ni kinyume chake. Huanguka wima kama gunia, na wenyewe kweli wakauita gunia. Bega la asili, kiuno hakikubanwa, mpasuo mmoja nyuma. Ni vazi la karani na mwanafunzi, linalofaa miili mingi, kwa sababu halimfuati mtu yeyote hasa.

Mkato wa Napoli, mji wa bandari kusini mwa Italia, ndio uliomfurahisha fundi wangu. Watu wa Napoli wana jua kama letu na bahari kama yetu, basi wakaondoa pedi na kupunguza bitana, na mkono wa koti wakauunga begani kwa vikunjo vidogo kama mkono wa shati. Mfuko wa kifuani huukata kwa mviringo ulioinuka upande mmoja, nao wanauita mashua ndogo. Nilipolisikia hilo nilicheka, maana hapana mtu wa pwani anayeweza kulichukia koti lenye mashua kifuani.

Kisha kuna vifungo. Koti la kawaida lina safu moja ya vifungo viwili au vitatu, na desturi ni kukiacha wazi kile cha chini kabisa. Lenye viwili hufungwa cha juu, lenye vitatu hufungwa cha kati. Koti la kupishana lina safu mbili, aghalabu vifungo sita, na asili yake ni koti la mabaharia la kuzuia upepo. Hilo likiachwa wazi huning'inia ovyo, basi aliyesimama nalo hulifunga. Ukosi wa kifuani nao una namna tatu: uliopasuliwa pembe, ambao ni wa kazi na wa kila siku, uliochongoka kwenda juu, wa makoti ya kupishana na ya fahari, na wa mviringo usio na pembe, ambao ni wa karamu za usiku. Ajaye ofisini asubuhi na ukosi wa mviringo ni kama aliyekwenda matangani na nguo za harusi.

WALIOKATA SUTI KWA SIASA

Ukishaujua mkato, utaielewa siasa yake. Viongozi wa Afrika na Asia hawakuwa wajinga wa mitindo walipokataa ukosi wa Mzungu. Wachina walikuwa na koti la vifungo hadi shingoni na mifuko minne, lililopewa jina la Sun Yat-sen, aliyefariki mwaka 1925; Tanzania watu wakaliita Chou En-lai, kwa jina la waziri mkuu wa China aliyeitembelea nchi hiyo mwaka 1965. Kenneth Kaunda, aliyeiongoza Zambia kutoka 1964 hadi 1991 na kufariki mwaka 2021, akalifanya kuwa lake koti jepesi la mifuko ya kubandika na ukosi wazi, aghalabu la mikono mifupi. Akilini mwa fundi hilo ni koti lililokatwa kwa ajili ya nchi ya jua, na hapo hana kosa.

Lakini upande wa pili wa shilingi pia tuuone. Huko Zaire, Mobutu alilazimisha vazi liitwalo abakosti, jina lililotokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "chini suti", na tai ikapigwa marufuku. Iliruhusiwa tena mwaka 1990, pamoja na vyama vingi. Uturuki ilipiga marufuku tarbushi mwaka 1925 na kuwalazimisha wanaume kofia za Kizungu. Iran ya Reza Shah ikatoa sheria ya mavazi ya Kizungu mwaka 1928. Na baada ya mapinduzi ya mwaka 1979, Iran hiyo hiyo ikawa nchi ya viongozi wavaao koti la suti bila tai.

Ninachokiona katika mifano yote hii ni kimoja. Amri ya kuvua tai na amri ya kufunga tai ni mtu na ndugu yake. Zote mbili hudhani kwamba uaminifu wa mtu unakaa shingoni mwake.

KIPIMO CHETU

Sisi Waislamu tunacho kipimo ambacho hakikungoja Spika wala Savile Row. Dini imetuhimiza unadhifu na pambo tuendapo msikitini, na papo hapo ikatukataza israfu na kiburi. Mwanamume amekatazwa hariri na dhahabu. Vazi lisichore maungo, na sitara isiondoke kwa kurukuu na kusujudu. Urefu wa suruali chini ya kifundo cha mguu masheikh wameujadili, nami nawaachia wao. Lakini hata mafundi wa Ulaya hupenda suruali iguse kiatu kidogo tu, isilundikane. Ukiyaweka hayo pamoja, utaona kwamba mkato wa zamani wa suruali ya kukaa kiunoni penyewe, yenye marinda mbele na nafasi mapajani, ndio unaomfaa mtu mwenye kusali mara tano. Mtindo wa kubana haukumfikiria.

Kwa kitambaa vilevile. Suti hupimwa kwa uzito: ya gramu 400 kwa mita na zaidi ni ya baridi za Ulaya, ya joto ni karibu gramu 250 au pungufu, iliyofumwa kwa wazi ipitishe hewa. Sufu nyepesi hushinda nyuzi za viwandani, na kitani hupendeza ijapokuwa hukunjamana. Bitana nusu yatosha.

Na mwenye mfuko mwepesi? Tangu miaka ya 1990 mitumba imejaa masokoni, na mafundi wetu wengi wamegeuka kuwa wa kufupisha na kupunguza tu. Sitawaambia watu wasinunue mtumba, maana na mimi nimevaa. Nasema: chagua bega kwanza, liishie linapoishia bega lako, kisha binya kifua usikie kama tabaka la ndani linatembea, kisha tazama kama ndani ya mishono kimebaki kitambaa cha kupanulia, halafu mpelekee fundi. Koti zuri la mtumba lililopita mkononi mwa fundi litalishinda koti jipya la gundi, na pesa yako itakuwa imelisha nyumba ya mtaani kwako. George Brummell, yule Mwingereza aliyewafundisha wenziwe kuvaa koti lisilo na madoido, mwaka 1816 alikimbilia Ufaransa kwa ajili ya madeni, akafia huko. Nguo isikukimbize mji.

Fundi alimshonea mpwa wangu suruali mpya kwa siku mbili: Alhamisi akapiga bandi, Ijumaa baada ya sala akamjaribisha, akamwambia, "Rukuu." Akarukuu. "Sujudu." Akasujudu palepale sakafuni, kati ya vipande vya kitambaa na vumbi la chaki. Hapana fundi wa Savile Row ajaribishaye hivyo, lakini hicho ndicho kipimo chetu. Jumatatu kijana akaenda na koti lake la buluu lililoachiwa kiunoni, na suruali ya kijivu. Kazi aliikosa. Lakini aliniambia alikaa mbele ya wale mabwana bila kufikiria nguo yake hata mara moja, na hilo nililihesabu.

Basi nirudi kwa Spika na kwa askari wa mlangoni. Kuwa na sheria ya mavazi si kosa. Ukumbi wa watu wazima wataka adabu. Jirani zetu wa Tanzania wamepanga zao, na katika kanuni za Bunge lao wameitambua suti ya Kimagharibi, suti ya Kiafrika ya ukosi au shingo ya mviringo, na vazi la mwambao, yaani kanzu, kofia na koti. Hawakuporomoka. Hapa kwetu, mwaka 2004 palifanywa juhudi kubwa ya kubuni vazi la taifa, wachoraji wakachora, vazi likatolewa, na watu hawakulivaa, kwa sababu vazi halizaliwi kwenye kamati. Wazee wetu hawakuunda kamati walipolitwaa koti la Mzungu wakaliweka juu ya kanzu. Walilitazama, wakaona kifua chake ni kizuri na mifuko yake yafaa, wakalichukua hilo, na suruali wakamwachia mwenyewe.

Ombi langu ni dogo. Sheria na ipime usafi, sitara na unadhifu, mambo ambayo hata askari wa mlangoni anaweza kuyaona kwa macho, badala ya kupima jina la nguo. Nami karatasi ya shamba bado sijaipata. Juma lijalo nitakwenda tena, kwa kanzu ile ile na koti lile lile. Koti hilo, kama askari atapenda kujua, lina bega la asili, kifua cha kushonwa kwa mkono na mipasuo miwili nyuma, na limekatwa hapa hapa Mombasa.